Mukwe wa Kabini

Josaphat mwenyewe akisimulia habari hii huanzia kwenye koti, na ni haki yake kuanzia hapo. Bila lile koti asingepanda kamio, lori la mizigo la shofere Sikuli, na bila kamio ya Sikuli asingemjua baba mukwe wake mpaka mbavuni.

Baba zake wadogo walikuwa wametangulia Beni na mbuzi za mahari. Walimwambia waende pamoja, koti ataazima kwa binamu yake mmoja kule. Akakataa. Aliwaambia kwamba mwanaume hawezi kwenda kuoa akiwa amevaa jasho la mtu mwingine, na fundi wake wa Butembo alikuwa amebakiza vifungo tu. Basi mtu mzima, mwenye ndevu, akabaki nyuma kungojea vifungo. Na huo ulikuwa wakati wa vita, ile vita ya pili ya Kongo, Beni imejaa wakubwa wenye bunduki, na njia ya kutoka Butembo kwenda huko, ambayo siku njema ni safari ya asubuhi tu, watu walikuwa wanaianza kwa kufanya ishara ya msalaba. Mtu mwenye akili hakusafiri peke yake wakati ule. Mwenye koti jipya alisafiri.

Watu wa kawaida walipanda juu ya mizigo, kwenye magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Kabini ilikuwa ya wakubwa: shofere, na nafasi mbili kando yake. Josaphat alikuwa na kibanda sokoni, anauza minyororo na pedali za kinga, yaani baiskeli, na maisha yake yote alikuwa amesafiri juu ya magunia. Lakini siku ile koti lilikuwa ndani ya plastiki, limetundikwa kwenye kitundikio chake, na koti la namna hiyo haliketi juu ya sabuni. Akachukua kabini.

Alipofungua mlango alimkuta mzee mmoja ameshakaa dirishani, mwembamba, kofia kichwani, na kapu la sahani mpya juu ya magoti. Josaphat hakumsalimu vizuri. Alimwambia asogee katikati, penye wenzo wa gia, maana yeye suruali yake haitaki kukunjwa. Mzee akasogea bila neno, isipokuwa kusema pole, mukubwa. Hilo neno "mukubwa" ndilo lililomharibu Josaphat. Likamwingia kichwani kama kasiksi, ile pombe kali, ya asubuhi.

Njiani wakati ule mtu hakutoa jina lake ovyo, huwezi kujua jirani yako ni wa nani. Kwa hiyo mzee alipomuuliza anaitwa nani, alijibu anaitwa Henri. Mpaka hapo hakuna dhambi. Dhambi ilianza alipoulizwa kazi. Henri, akasema, ni commerçant, mfanyabiashara, anapakia mali Dubai. Na kwa kuwa mzee alitikisa kichwa kwa heshima, Henri akaendelea kumweleza Dubai, nyumba zake, baridi ya mashine zake, jinsi mvua kule isivyoanguka mpaka serikali iitikie. Yeye huyu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Kasindi mpakani, akarudi anaharisha maembe.

Halafu akafungua kuku. Dada yake alikuwa amemkaangia kuku mzima wa njiani. Sasa kwetu kila mtoto anajua firigisi ni ya nani. Firigisi ni ya mzee, na mtoto akiigusa mbele ya mzee anachapwa kwenye vidole. Josaphat alikula firigisi. Aliitafuna polepole, kinywa wazi, akiendelea na habari za Dubai, kisha kwa huruma kubwa akampa mzee shingo. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akasema wasingya, asante ya kwao, akaila mpaka mifupa.

Mdomo uliponza kichwa, walisema waliotangulia. Kuku alipokwisha, Josaphat akamwambia mzee kwamba hata yeye anaenda Beni kuoa, na kwamba wazee wa siku hizi wenye mabinti hawana tofauti na barrière ya maaskari: hawakuangalii usoni, wanaangalia umeshika nini, na usipolipa hupiti. Sikuli shofere alicheka mpaka akakosea gia. Mzee naye akacheka, kicheko kizuri kabisa, akafuta macho.

"Basi mimi pia niko barrière," akasema. "Siku ya posho bakwe banakuja kwangu, Mulekera, kwa ajili ya mutoto yangu ya mwisho, Kavuo. Anaishi Butembo kwa shangazi yake, ile wa vitenge. Kijana mwenyewe siyamuona, baba zake tu ndio banakujaka. Banaita yeye Josaphat. Banasema iko mupole, hasemaka mingi."

Mfupa wa mwisho, aliokuwa bado anaunyonya, ulimkwama Josaphat kooni, na Sikuli ndiye aliyempiga mgongoni mpaka ukatoka.

Ni lazima mjue uzito wa jambo lenyewe. Kwa watu wa Josaphat, mukwe na baba mukwe wanapendana kwa kukaa mbali. Mukwe hali chakula mahali ambapo baba wa mke wake anaona kinywa chake. Hakai karibu hata goti liguse goti. Akikutana naye njiani anaingia majani, apishe. Na kumuona mzee huyo bila nguo, hilo ni neno ambalo watu hawalitaji kabisa, ndoa inakufa palepale na mbuzi wanarudi kwao. Sasa Josaphat, kabla ya jua kufika katikati, alikuwa amekula firigisi ya baba mukwe, amemwita barrière, amempa shingo, na goti lake lilikuwa limebanwa na goti la mzee tangu Butembo.

Kwa nini hakusema papo hapo? Alitaka. Alifungua kinywa. Lakini mzee, ambaye jina lake lilikuwa Muyisa, alikuwa ameanza kusimulia habari za ukwe wa zamani, jinsi mambo yalivyokuwa safi. Alieleza jinsi mvua ilivyomkuta jioni moja karibu na nyumba ya baba wa mke wake, na mke hayuko, na mzee yule alikuwa ndani peke yake anaota moto. Muyisa hakuingia. Alilala katika shamba la muhogo, akapata kichomi, karibu afe. Aliisema kwa fahari, kama mtu anayeonyesha medali. Josaphat akafunga kinywa. Moyoni alijiambia kwamba Beni si mbali, atashuka, atapotea, na siku ya posho, yaani Jumamosi, atakaa nyuma ya baba zake kichwa chini, kama mukwe anavyokaa, na mzee hatamtazama. Mpango ulikuwa mzuri kwa safari ya asubuhi moja.

Chini ya mlima wa Kabasha wakakuta kamio zimepangana, na maaskari wamekata mti wakaulaza barabarani. Mbele kulikuwa na risasi, walisema, hakuna kupita. "Bozela," wakasema kwa Kilingala chao, ngojeni, na tangu hapo kungojea kukawa ndiyo kazi. Mvua ikaanza. Udongo wa pale ukilowa unakuwa kama bukari, ugali wa kwetu, gurudumu linaingia na halitoki. Sikuli alikuwa na mama mmoja wa kujuana naye katika kijiji cha jirani, akaenda kula na kulala huko, akawaachia abiria wake wa kabini funguo na baraka zake. Mmoja alale kwenye kiti, akasema, mwingine kwenye kile kitanda cha ubao nyuma ya kiti. Mko sawa kama mko ndani ya meli.

Meli gani! Kitanda kile kilikuwa juu kidogo ya kiti, na mtu akilala pale miguu yake inakaa karibu na kichwa cha mwenzake. Mukwe aweke nyayo zake juu ya kichwa cha baba mukwe? Na akilala yeye chini, mzee juu, basi ataona nini mzee akipanda na kushuka? Josaphat alisema ana joto. Mvua inanyesha, ukungu umeshuka mpaka kwenye magurudumu, watu wote wanatetemeka, yeye ana joto. Akaenda kujilaza chini ya kamio, juu ya katoni. Koti likalala kabini, mwenye koti akalala kwenye tope.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mchana mzee akimwita aingie, aliingia na kukaa amegeuza mgongo, pua kwenye kioo cha mlango, akijibu maswali kwa kuelekea nje. Mzee akichoma ndizi kwa moto wa akina mama waliokuwa juu ya mizigo na kumletea, alisema amefunga, ameweka nadhiri kwa Bikira Maria. Kisha alichukua zile ndizi na kwenda kuzila nyuma ya gurudumu, ameinama kama mbwa aliyeiba. Hakujua kwamba kile kioo cha pembeni cha shofere kilikuwa kinaonyesha gurudumu lote, na mzee alikuwa anamwangalia kwa huruma akitafuna nadhiri yake.

Muyisa alianza kumhofia. Aliwauliza akina mama kama mfanyabiashara huyu wa Dubai hana ugonjwa wa kichwa. Akina mama waliitikia kwamba hata wao wameona. Na maneno ya akina mama yakafika pale kwenye mti uliolazwa barabarani, kama maneno yanavyofika.

Askari aliyekuja hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka mbali, jimbo lingine, kijana mrefu mwenye macho mekundu ya usingizi, wenzake wakimwita Mardochée. Alimkuta Josaphat chini ya kamio, akamtoa kwa mguu. Mtu gani analala kwenye tope na kabini iko wazi? Mtu anayejificha. Anajificha nini? Akamuuliza jina, akasema Henri. Akadai kitambulisho.

Kitambulisho kilikuwa ndani ya soksi, na juu yake kumeandikwa Josaphat, kwa herufi kubwa. Sasa mzee Muyisa alikuwa amesimama palepale mlangoni mwa kabini, anasikia kila kitu. Mtu wa kawaida angetoa karatasi yake, akaaibika, akaishi. Lakini Josaphat alipiga hesabu yake mwenyewe: akiitoa atakosa mke, asipoitoa watampiga risasi kwa ujasusi, na, Mungu amsamehe, alisimama pale akiwaza ni ipi afadhali. Akasema kitambulisho kimepotea. Mardochée akamshika ukosi wa shati, akaanza kumburuta kuelekea msituni.

Alikuwa na hofu kweli. Hapo hakuna mzaha. Alianza kumwita mama yake.

Mzee akashuka kabini. Alitembea kwenye tope bila viatu, kofia mkononi, mpaka mbele ya askari.

"Acha yeye," akasema. "Ile ni mutoto yangu. Iko na kichwa kibaya tangu udogo, hapana jasusi. Mimi ndiye nilimuzaa, aibu ni yangu."

Mardochée alimwangalia mzee, akamwangalia Josaphat, akatafuta sura moja ndani ya nyingine na hakuiona. Alikuwa kijana lakini si mjinga. Kama ni baba na mtoto, akasema, basi wakule. Wakule sahani moja, mbele yake. Mtoto hawezi kukataa sahani ya baba yake.

Akina mama wakaleta bukari na sombe, majani ya muhogo. Mzee akatoa sahani mpya moja kutoka kwenye kapu lake, kati ya zile alizonunua Butembo kwa ajili ya kuwapokea bakwe, akaiweka juu ya kiti cha kabini, katikati yao. Josaphat akapeleka mkono. Vidole vyake vikagongana na vidole vya baba wa Kavuo ndani ya sombe. Alikula kila tonge akihesabu kwamba hili ni mke wangu ninameza, na hili pia, machozi yakamshuka mpaka mdomoni. Mzee alimwambia ale taratibu, hakuna anayemfukuza. Askari, alipoona mtu mzima analia juu ya bukari na mzee anamfuta uso kwa mkono wa shati, alisema kweli, hiki ni kichwa kibaya, akaenda zake.

Baada ya hapo hakuna tena kulala kwenye tope. Maaskari walikuwa wanapita, wanachungulia, na mtoto lazima akae na baba yake. Josaphat akapanda kitanda cha ubao, akakunja miguu mpaka magoti yakafika kidevuni, nyayo zisiguse mtu. Mzee alikuwa anasimulia. Alieleza kwamba nyumba yake ni ya mabinti watupu, na kijana mmoja tu, ambaye ile vita ya kwanza ilimbeba na haijasema imemweka wapi. Alikuwa anapenda kuimba, yule kijana, na hakujua hata wimbo mmoja mpaka mwisho. Josaphat, bila kufikiri, alisema hata yeye ni hivyo. Mzee akamwambia aimbe. Akaimba. Walicheka mpaka kamio ikatikisika, na katikati ya kicheko Josaphat akakumbuka ni nani anacheka naye, akauma ulimi.

Ndipo homa ikamkamata mzee. Ilianza asubuhi na baridi, meno yakigongana, na mpaka mchana alikuwa hasemi maneno yanayofuatana. Akina mama walikuwa na vidonge vichache vya malaria, wakampa. Josaphat akatafuta blanketi, hakuna. Akatazama kitundikio. Akararua ile plastiki, akamfunika mzee koti jipya, na mzee akalitapikia, kola, mifuko na vifungo vyote.

Tumbo likafuata. Mambo mengine siyasemi, mnayajua, mtu akiugua anarudi mtoto mchanga. Mtu fulani ilibidi amvue nguo, amwoshe kwa maji ya moto ya akina mama, amvalishe shuka, afue, amwoshe tena. Akina mama walisema waziwazi: mtoto wake si yuko? Josaphat alifunga turubai mlangoni. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kwanza alijaribu kumwosha huku amefumba macho, akamwagia maji sikioni, mzee akapiga kelele. Basi akafungua macho. Aliona kila kitu ambacho mukwe hapaswi kuona: mbavu, kovu la zamani tumboni, matako makavu ya mzee aliyelima maisha yake yote. Alikuwa anaaga ndoa yake, na wakati huohuo alikuwa anaogopa sana kwamba mzee huyu atamfia mikononi, na hofu hii ya pili, alishangaa kuona, ilikuwa imeipita ile ya kwanza.

Homa ilipopungua kidogo, mzee akamshika mkono. Akasema: "Henri, kama ningekuwa na bahati ningezaa wewe." Josaphat alitaka kumwambia ukweli sasa hivi, amalize, apumue. Lakini alimjua mzee. Mtu aliyelala kwenye muhogo akapata kichomi kwa ajili ya heshima ya ukwe atafanya nini akisikia kwamba aliyemwosha ni mukwe wake? Atashuka. Na homa yake na shuka lake, ataingia kwenye mvua ya Kabasha, atakaa chini ya mti mpaka afe kwa adabu. Akanyamaza. Tangu Butembo kinywa chake kilikuwa kimesema uongo kwa ajili yake mwenyewe, na leo ndiyo mara ya kwanza kilinyamaza kwa ajili ya mtu mwingine.

Njia ilifunguliwa siku ya tano ya juma, Ijumaa, bila maelezo, kama ilivyofungwa. Walifika Beni jua likiwa bado juu. Mzee alikuwa anaweza kutembea. Walipofika kwenye njia ya kuingia Mulekera, Josaphat alimsaidia kushuka, akambebea kapu mpaka kwenye taxi-moto, pikipiki ya abiria, na mzee hakumwachilia mkono. Alimwambia kwamba kesho wakwe wanakuja, na upande wake yeye hana mwanaume wa kukaa kando yake. Henri aje. Ataketi kiti cha mtoto wa nyumba, ataangalia mbuzi za hao watu wa Butembo, aseme kama ni nzuri, maana mtu anayeijua Dubai hadanganywi kwa mbuzi.

"Nitakuja, Papa," akasema Josaphat. Haukuwa uongo.

Baba yake mdogo Mathe, ambaye ndiye msemaji wa familia, alisikiliza habari nzima akiwa ameshika kichwa. Mwishoni alisema kitu kimoja: kesho uvae koti la binamu yako, uvae na kofia, ukae nyuma, ukitazama vidole vyako vya miguu. Mukwe hatazamwi. Tutakula, tutatoka, na huyo Henri atakuwa amerudi Dubai.

Na ingekuwa hivyo. Siku ya posho walifika Mulekera wakiwa wamejipanga, mbuzi mbele, Josaphat nyuma ya migongo mipana ya baba zake, kofia mpaka kwenye nyusi, koti la binamu likimnukia jasho la binamu. Ua ulikuwa umefagiwa. Mzee Muyisa alikuwa ameketi chini ya turubai, bado mwembamba wa homa, amevaa vizuri, na kando yake kulikuwa na kiti kitupu. Mathe akaanza maneno ya kubisha hodi. Mzee akamkatiza kwa upole. Aliomba wageni wamvumilie, kuna mtoto wake mmoja hajafika, waanze akifika.

Wakangoja. Kavuo alikuwa ndani na shangazi yake, waliotangulia kutoka Butembo kabla ya njia kufungwa, anasikika akiuliza kuna nini. Mbuzi wakaanza kulia, kisha wakaanza kula maua ya mlangoni. Mathe akasimama mara nyingine, akasema kwa heshima zote kwamba jua linakwenda. Mzee akajibu kwamba mtoto huyo alimtoa mautini chini ya Kabasha, na kwamba hakuna mtu atagusa kamba ya mbuzi kabla Henri hajafika, hata ikiwa kesho, hata ikiwa Kavuo hataolewa. Kila kelele ya taxi-moto ilipopita njiani alikuwa anainua shingo, anatazama, kisha anaketi tena. Watu wake walianza kunong'onezana kwamba homa imempanda kichwani.

Josaphat aliona shingo ile ikiinuka mara nyingi. Alijaribu kutazama vidole vyake. Baba yake mdogo alimkanyaga mguu, maana alikuwa ameanza kupumua kwa nguvu. Hatimaye akamsukuma Mathe pembeni, akavuka ua, kitu ambacho bwana harusi hafanyi, akasimama mbele ya mzee na kuvua kofia.

"Papa, hapana ngoja tena," akasema. "Henri ni mimi. Na Josaphat ni mimi. Nilijua tangu tulipokula kuku, na nikakosa namna ya kusema."

Uso wa mzee kwanza ulicheka. Ulifurahi kabisa, kama wa mtu aliyeona mtoto wake kashuka kwenye taxi, na mkono ukainuka kumwonyesha kile kiti. Kisha maneno yakamfikia. Mkono ukashuka. Akavua kofia yake yeye, akaishika mbele ya uso, kama baba mukwe anavyotakiwa kufanya. Shangazi wa Kavuo alikuwa mlangoni, mkono kinywani. Mathe, mzee wa maneno, alianza kusema kwamba kosa lina dawa, familia italeta mbuzi mwingine wa kufuta haya, mweupe, mkubwa, leo hii.

Sauti ya mzee ilitoka nyuma ya kofia, haikuwa na hasira. Alisema mbuzi ameziona, ni nzuri. Huyo wa kufuta haya waende kumleta, wamchinje, wamle, na mambo ya kabini yaishe. Kavuo ni wao. Kijana ni mzuri, anamjua, hana haja ya kuuliza mtu.

"Leo mumenipa mukwe," akasema. "Lakini Henri yangu, nani atanilipa yeye?"

Mzee akamwambia mmoja wa mabinti zake aingize kile kiti ndani ya nyumba, watu wa Butembo wafungue kamba za mbuzi. Josaphat akarudi upande wake kinyumenyume, macho chini, akilia, na watu wakasema kijana anampenda Kavuo kweli. Siku ile alipata mke. Na mzee Muyisa, aliyekula naye sahani moja, hakukaa naye kitako tena mpaka leo.